Mama Rula na Shimo Lisilo Shimo

Sehemu ya Saba

Tulimwacha Mama Rula amechuchumaa katikati ya barabara, saa moja na robo asubuhi, rula ya chuma mkononi na macho yamemtoka pima. Shimo lililokuwa na kina cha sentimita sita siku ya Jumatatu lilikuwa limefika kumi na mbili siku ya Alhamisi, bila mvua, bila tetemeko, bila hata lori la mchanga kupita. Pembeni yake, juu ya udongo mbichi, lilikuwa limelala jembe.

Jembe lenyewe alilijua. Mpini wake ulikuwa umefungwa waya wa buluu pale ulipopasuka, na waya huo aliufunga yeye kwa mkono wake. Lilikuwa jembe la nyumbani kwake.

Wewe uliyekuwa safarini wiki zilizopita, usihangaike, hatutakurudisha mbali. Mama Rula ni mkaguzi wa barabara wa halmashauri, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yake ni kulaza ubao ulionyooka juu ya shimo, kushusha rula mpaka chini, na kuandika namba anayoiona. Asipoandika na kusaini, hakuna shimo linalozibwa. Kazi nyepesi, utadhani.

Mwaka huu wakubwa waligundua kwamba fedha ya matengenezo inatosha lori moja tu la lami kwa kila robo mwaka, na mashimo yalikuwa mia nne. Mtu wa kawaida hapo angeanza kutafuta fedha. Wakubwa wetu hawakuzaliwa jana. Walifunga milango siku mbili, wakanywa soda, wakatoka na Waraka wa Mashimo, ukurasa mmoja na mihuri mitatu. Kuanzia siku hiyo, ulisema waraka, shimo ni lile lenye kina cha sentimita kumi na kuendelea. Lisilofika hapo si shimo, ni mbonyeo. Mbonyeo hauzibwi. Mwananchi anaombwa aupite kwa ustaarabu.

Kwa kalamu moja yakafutika mashimo mia tatu na sitini bila kokoto hata moja kumwagwa. Mkurugenzi alisema katika utumishi wake wote hajapata kuona barabara zikitengenezwa kwa kasi ile.

Sasa shimo hili la sentimita sita, samahani, mbonyeo huu, ulikuwa hatua hamsini kutoka mlangoni kwa Mama Rula. Mumewe ni fundi viatu, na anatembea kwa kiti cha magurudumu. Kibanda chake kiko mwisho wa mtaa, dakika tano tu. Miezi minne iliyopita gurudumu dogo la mbele lilizama humo, kiti kikapinduka, fundi akatangulia na uso. Zahanati walimshona nyuzi saba juu ya jicho.

Jioni ile Mama Rula alichukua ubao na rula, akaenda kupima. Sita. Akaandika: mbonyeo. Mwezi uliofuata akapima tena, sita, mbonyeo. Alipima mara nne. Angeweza kuongeza nne kwa kalamu na hakuna ambaye angejua, lakini aliogopa mtaa useme anazibia nyumbani kwake kwanza. Mkurugenzi alimsifu kikaoni, akampa cheti chenye fremu. Mumewe akaanza tu kuzunguka nyuma ya kiwanda cha sabuni, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi.

Lilimuuma Mama Rula, tusimsingizie. Lilimuuma kila asubuhi akisikia magurudumu yanapinda kushoto badala ya kulia.

Basi ndio huyo, amechuchumaa, jembe la kwake mbele yake, na simu ikalia. Alikuwa Injinia. Lami iliyokuwa ifike Jumatatu ijayo imefika leo, kiwanda kimekosea tarehe, lori limesimama yadini linatoa moshi, na lami ya moto haijui kusubiri. Aende na daftari sasa hivi.

Alipokata simu akasikia ndara nyuma yake. Mama mkwe huyo, chupa ya chai mkono wa kushoto, anakuja polepole kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

"Limefika kumi?" aliuliza.

"Mama, umefanya nini?"

"Si wewe uliyesema mezani limepungukiwa sentimita nne? Nikasema nne ni kitu gani. Kuna watu wanatafuta viwanja, sisi tunatafuta sentimita nne."

"Ni kumi na mbili, mama."

"Hizo mbili ni nyongeza," mama mkwe akasema, na akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa.

Waraka ule ule wenye mihuri mitatu ulikuwa na aya ya mwisho: mtu yeyote atakayeongeza kina cha shimo ameharibu barabara ya umma na atakamatwa, na mkaguzi atakayeandika uongo daftarini atakamatwa naye. Aya hiyo aliiandika yeye mwenyewe, kwa kuombwa na Mkurugenzi, na aliona fahari.

Alimweleza mama mkwe mambo hayo kwa sauti ya chini. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza chai.

"Basi niandike mimi," akasema. "Mimi mzee. Watanifanya nini, watanizeesha?"

Halafu akaibana chupa kwapani, akaliokota jembe kwa mkono ule ule wa kushoto, akaondoka nalo kuelekea nyumbani. Akageuka mara moja tu, akamkumbusha kwamba mwanawe hutoka saa tatu, na kwamba kuzunguka kiwanda kumeanza kumla mabega.

Yadini kulikuwa na hekaheka. Lori lilikuwa limefunikwa turubai na moshi ulikuwa ukitoka pembeni. Dereva, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, alikuwa anazunguka lori lake akiligusa ubavuni kwa kiganja. Alimwambia Mama Rula kwamba ikifika saa tatu na nusu humo ndani kutakuwa na jiwe moja la tani kumi na sita, na lori ni lake, si la halmashauri, na yeye hana patasi ya kuchonga jiwe hilo.

Mama Rula alikuwa na orodha yake tayari: mashimo arobaini, yote kwenye barabara ya sokoni na ya zahanati, yote yamepita kumi kwa haki. La kwanza, mlangoni mwa zahanati, lilikuwa na sentimita thelathini na moja na vyura wawili wakazi. Lori moja lingetosha arobaini hayo, na kubaki makoleo machache ya kusawazisha.

"Kuna mabadiliko kidogo, dada," Injinia akasema, huku anatazama viatu vyake.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa yamesimama nyuma ya pikapu, yamevaa suti ya kijivu. Mheshimiwa Diwani alimsalimia Mama Rula kwa mikono miwili na kumsifia kwa uadilifu wake, jambo ambalo lingemtia hofu mtu yeyote mwenye akili timamu. Mtaani kwake, alisema, wananchi wanalia. Kumetokea mashimo kumi na nane, makubwa, ya ghafla. Yeye mwenyewe amelia nao.

"Ya ghafla tangu lini?" Mama Rula aliuliza.

Tangu juzi, alijibu Diwani. Mvua.

Haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Injinia aliangalia mawinguni kwa heshima, kana kwamba huenda kuna mvua ilipita bila kumwaga salamu. Kisha akafungua mlango wa pikapu, wakaondoka, lori likifuata nyuma na dereva anapiga honi kila kona kuwakumbusha saa.

Mashimo yalikuwa mbele ya ukumbi mpya wa harusi. Ukumbi wa nani, tusitajane. Wiki iliyopita pale palikuwa udongo mgumu, tambarare kama meza. Sasa kulikuwa na mashimo kumi na nane yamepangana safu tatu za sita sita kama vitanda vya bweni, kila moja mita mbili kwa mita mbili, na kati ya shimo na shimo umebaki ukingo mwembamba wa kupitisha mguu mmoja.

Mama Rula alilaza ubao. Kumi na moja. Akahamia la pili. Kumi na moja. Akapima yote kumi na nane, magoti yanamuuma, na la mwisho lilikuwa kumi na moja vile vile. Pembe zake zilikuwa zimenyooka hata seremala angeona wivu.

Hapo ndipo alipoelewa. Ukiyaziba yote kumi na nane, ukipitisha na shindilio juu, hujaziba mashimo. Umemjengea mtu uwanja wa lami wa kuegeshea magari ya maharusi, kwa lami ya robo mwaka nzima.

"Mheshimiwa, mvua ya mtaa huu imesomea wapi?" aliuliza. "Mbona inajua kukata kona?"

"Waraka unasema kina, dada yangu," Diwani akajibu kwa upole. "Hausemi kona."

Na kweli, haukusema. Wakubwa walikaa siku mbili na kreti za soda na hakuna aliyefikiria kona. Injinia alikohoa, akasema kisheria kuna hoja pale.

Diwani akamshika Mama Rula kiwiko, akamsogeza kwenye geti la ukumbi kama mjomba anayetaka kumpa mpwa wake mawaidha ya ndoa. Akatoa simu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya asubuhi ileile: barabara ya mtaani kwao, shimo, na kando ya shimo mama mkwe amesimama na jembe lenye waya wa buluu.

Alieleza kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Vijana wake huamka mapema. Yeye hana nia mbaya na mzee wa watu, ana mama pia. Anachoomba ni kidogo tu: Mama Rula asaini haya kumi na nane. Na kwa kuwa lami itabaki kidogo, asaini na la kumi na tisa, lile la mtaani kwake.

"Saa tatu na nusu fundi viatu anapita juu ya lami," Diwani akasema. "Mimi nafuta picha. Wewe unafuta kosa. Nani ameumia?"

Tuseme ukweli, alitamani. Usimhukumu kabla hujasukuma kiti cha mtu unayempenda nyuma ya kiwanda cha sabuni. Aliliona gurudumu dogo likipita bila kushtuka, aliyaona mabega ya mumewe yametulia, na dakika tano zile zimerudi kuwa tano. Kalamu alikuwa nayo. Ilikuwa ni kuandika namba mbili na kuchora saini, kitu alichokifanya maelfu ya mara.

Dereva akapiga honi. Akapaza sauti kwamba ni saa tatu kasoro tano na yeye si mpishi wa kupasha moto upya.

Mama Rula akafungua daftari juu ya boneti ya pikapu. Diwani akatabasamu. Injinia akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaandika kwa dakika nzima, akasaini, akapiga muhuri, kisha akawasomea.

"Mashimo kumi na nane mbele ya ukumbi: yamechimbwa kwa makusudi. Hayazibwi. Shimo moja mtaa wa kiwanda cha sabuni: limechimbwa na mama mkwe wangu, kwa jembe la nyumbani kwangu. Halizibwi."

Akachana nakala, akamkabidhi Injinia. Akamwambia Diwani kwamba ile picha sasa anaweza kumtumia yeyote, hata akipenda aiwekee fremu, atamwonyesha duka.

Halafu akapanda lorini kando ya dereva, akamwambia aelekee sokoni. Moyo ulikuwa unampiga kwa furaha. Alijiona mtu mwenye uti wa mgongo, mwanamke wa chuma kama rula yake. Tumwachie raha hiyo, maana haikuzidi dakika nne.

Kwenye kioo cha pembeni alimwona Diwani anaichukua ile nakala mikononi mwa Injinia, anaipiga picha, anaweka simu sikioni. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa anacheka.

Ilimchukua Mama Rula mtaa mzima kuelewa kicheko kile. Picha ya mzee mwenye jembe ni picha tu. Mzee anaweza kuwa anakwenda shambani. Lakini sasa kulikuwa na maandishi ya mkaguzi, yana saini, yana muhuri, yanamtaja mhalifu na jembe. Diwani alikuwa ametafuta kitisho, akapewa ushahidi.

Akamwambia dereva akaze mwendo. Njia ya sokoni ilipita mtaani kwao, angesimama nukta moja, amwambie mama mkwe aende kwa dada yake mpaka mambo yatulie. Dereva akakaza. Akakata kona ya kiwanda, akanyoosha, na ghafla akakanyaga breki mpaka lami ikagonga ubao wa mbele.

Katikati ya barabara, ndani ya shimo, alikuwa amekaa fundi viatu. Magurudumu yote mawili ya mbele yalikuwa yamezama. Breki ya kiti ilikuwa imefungwa. Mikono alikuwa ameiweka mapajani kama mtu aliyekuja kusubiri zamu yake hospitali, na nyuma yake alisimama mama yake.

Mama Rula akashuka.

"Mume wangu, toka hapo. Lami inapoa."

"Inakwenda wapi?"

"Sokoni na zahanati."

"Na hapa?"

"Hapa haimwagwi. Limechimbwa."

"Umeandika kachimba nani?"

Mama mkwe akamjibia, akasema ameandikwa yeye, na ameridhika, na watu waache kuzuia lori. Fundi viatu hakumtazama mama yake. Alifungua viganja vyake na kumwonyesha mkewe. Mikono ya fundi viatu ni migumu, haichubuki kwa kazi ndogo, lakini ile ilikuwa na malengelenge manne yaliyopasuka, na udongo ulikuwa umejaa chini ya kucha.

"Mama bega lake la kulia hata ufagio haliinui," akasema. "Umekaa naye nyumba moja miaka tisa."

Mama Rula alikumbuka chupa ya chai, mkono wa kushoto. Alikumbuka kwamba kwa miaka tisa ni yeye aliyekuwa akimwanikia mama mkwe nguo. Kazi yake ilikuwa kupima, na hili hakulipima.

Fundi viatu akaeleza, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mteja kiatu chake kitakuwa tayari Ijumaa. Alitoka wakati wenzake wamelala, jembe mapajani. Alipofika akajishusha kutoka kwenye kiti, akakaa chini barabarani, akachimba akiwa amekaa. Alipomaliza hakuweza kujipandisha. Mama yake ndiye aliyekuja kumtafuta, akamwinua kwa bega moja zima, akamsukuma nyumbani, kisha akarudi kuchukua jembe. Akalinyanyua, akachoka, akalilaza chini kwanza akalete chai. Hapo katikati ndipo vijana wa Diwani walipopiga picha.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Rula aliuliza.

"Nikuambie nini? Ulikuja kulipima mara nne. Mara zote nne nilikuwa dirishani nakutazama. Unalaza ubao, unashusha rula, unaandika, unaondoka. Hujageuka hata mara moja kutazama dirishani." Akapangusa udongo gotini. "Nikasema ngoja nijue zinahitajika sentimita ngapi ndipo mke wangu anione."

Mama Rula aliona aibu, aibu ya kweli. Cheti chenye fremu kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya meza wanayolia chakula, na mumewe alikuwa amekaa mkabala nacho kila siku kwa miezi minne na nyuzi saba usoni.

Pikapu ya Injinia ikafika. Nyuma yake ikafika pikipiki yenye askari wawili wa halmashauri, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wote na karatasi moja, ile nakala ya daftari. Yule mnene alisalimia vizuri, akatoa pole kwa usumbufu, akasema wanamtafuta mama mkwe wa mkaguzi.

"Ni mimi," akasema mama mkwe.

"Ni mimi," akasema fundi viatu.

Askari mnene akaisoma tena karatasi. Akasema kwa masikitiko kwamba karatasi inasema mama mkwe, na karatasi ina muhuri, na yeye hajafundishwa kubishana na muhuri. Mwenye uwezo wa kubadili daftari ni mkaguzi peke yake. Ila mkaguzi akibadili, ina maana asubuhi hii aliandika uongo, na hilo nalo lina aya yake, bahati mbaya.

Mama Rula aliijua aya hiyo neno kwa neno, mpaka mikato yake.

Dereva akashuka, akagusa ubavu wa lori. Dakika ishirini, akasema. Safari hii hakupayuka. Alikuwa ameshaona lile kovu juu ya jicho la fundi viatu, na alikuwa ameacha kufikiria lori lake.

"Dada, tusifanye haraka," Injinia alisema. "Tunaweza kuunda kamati ndogo."

Mama Rula hakumsikia. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mumewe, kwenye udongo ule ule uliochimbwa, akafungua daftari juu ya mapaja yake, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuandikia. Mumewe akalishikilia daftari lisiteleze. Akakata mstari juu ya jina la mama mkwe, mstari mmoja ulionyooka bila rula. Chini yake akaandika, na safari hii mumewe alikuwa anasoma kila neno linapotoka kwenye kalamu:

"Aliyechimba ni mume wangu, fundi viatu, kwa mikono yake, kwa sababu hapa alianguka, na mkewe akaandika mbonyeo mara nne. Aliyeandika uongo asubuhi hii ni mimi."

Akasaini. Fundi viatu akaitazama ile saini kwa muda. Kisha akafungua breki, akavuta magurudumu kwa nguvu, akajitoa shimoni mwenyewe, kinyumenyume, bila kusaidiwa.

Askari mnene alichukua daftari, akalisoma mara mbili huku midomo inacheza. Akamwita mwenzake pembeni. Walijitahidi kunong'ona, lakini walinong'ona kiaskari, na mtaa mzima ukasikia.

"Hawa sasa ni wawili."

"Ndiyo."

"Na pingu tuliyopewa ni moja."

"Uliomba ya pili?"

"Niliomba mwaka juzi. Wakasema ipo kwenye bajeti ijayo."

Walirudi wamenyong'onyea. Mama Rula aliwahurumia, akawaondolea tabu. Akanyoosha mkono wake wa kushoto. Fundi viatu akanyoosha wa kulia. Pingu ikabana upande mmoja, ikabana upande wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya nyuzi saba wakawa wameshikana mikono.

Simu ya Injinia ikaanza kulia. Alitazama kioo, uso ukambadilika, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani anayepiga. Lami isipopewa mahali pa kwenda kwa saini, ingekwenda alikotaka mwenye simu hiyo.

"Jamani," akasema dereva, mkono juu ya mtambo wa kuinulia bodi la lori. "Dakika kumi na mbili. Mwenye saini amefungwa. Nani ananiambia nimwage wapi?"

Injinia akapokea simu. "Ndiyo, Mheshimiwa," akasema. "Ndiyo. Ndiyo, lori bado limejaa."

Mama mkwe akalichomoa daftari mikononi mwa yule askari mnene, ambaye alishangaa akaachia. Akalifungua ukurasa mtupu, akalishikilia kwa mkono wake mmoja mzima mbele ya kifua cha mkwewe.

"Haya andika, mwanangu," akasema. "Mkono mmoja wamekuachia."